Asili ya Kuandika Habari za Majaribio

Wasomaji wetu wengi wana watoto au wadogo zao katika shule za sekondari, nao wameyaona madaftari yao ya sayansi. Katika madaftari hayo kila jaribio huandikwa kwa utaratibu mmoja: kwanza kusudi la jaribio, kisha vyombo vilivyotumika, kisha kazi iliyofanywa, kisha mambo yaliyoonekana, na mwisho maana yake. Mwanafunzi aliyechoka hunung'unika, akauliza, "Jaribio nimekwisha kulifanya, na jibu limo kitabuni, ya nini kuandika yote haya?" Tena wako wengine, nasi waalimu twawajua, ambao hunakili vipimo vya mwenzao, au hulitazama jibu la kitabuni kwanza, kisha hutunga hesabu za kulifikia.

Jambo hili si dogo. Mtoto afanyaye hivyo hakuchukua mali ya mtu, walakini ameharibu kitu cha thamani pasipo kujua. Kwa hiyo tumeona vema kueleza leo utaratibu huu ulitoka wapi, ni nani waliouanzisha, na kwa sababu gani. Maana haukutungwa na waalimu ili kuwatesa watoto. Ulipatikana polepole, kwa muda wa zaidi ya miaka 300, na karibu kila sehemu ya lile daftari ina kisa chake. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tutaona ya kuwa elimu nayo ni mali.

Hapo zamani maarifa yalitunzwa hasa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kitabu cha mtu mkuu. Katika vyuo vya Ulaya, mtu akiuliza habari za hewa au za moto aliletewa maneno ya Aristotle, Myunani aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya Kristo, na mara nyingi maneno hayo yakawa ndiyo hukumu. Njia ya pili ilikuwa siri. Watu waliotafuta namna ya kugeuza risasi kuwa dhahabu waliandika kazi zao kwa mafumbo, ili asiyekuwa mwenzao asizifahamu. Njia hii hata kwetu yajulikana: mganga hodari akiuficha mti wake, siku anapozikwa, mti nao huzikwa pamoja naye.

Hatusemi ya kuwa hawakuwapo kabisa walioeleza waziwazi. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyekufa Misri yapata mwaka wa 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru, akayaeleza majaribio yake kwa namna ambayo msomaji aliweza kuyarudia. Walakini watu kama hao walikuwa wachache, wala haikuwapo bado desturi ya kuwaunganisha.

Desturi hiyo ilianza kukua Ulaya katika karne ya 17, na mfano mmojawapo ulio bora ni barua iliyoandikwa juu ya mlima.

Mwaka wa 1644 Evangelista Torricelli, mtaalamu wa Italia, alieleza neno la kushangaza. Ukitwaa mrija mrefu wa kioo ulioziba upande mmoja, ukaujaza zebaki, ukaziba mdomo wake kwa kidole na kuupindua ndani ya bakuli lenye zebaki, ile zebaki ya mrijani haimwagiki yote. Hushuka kidogo, kisha husimama, nayo ina kimo cha kama sentimeta 76. Ni nini kinachoizuia? Torricelli alisema kwamba ni uzito wa hewa iliyo juu yetu, unaoikandamiza zebaki ya bakulini. Wengine walikataa. Walisema kwamba vitu vyote huchukia nafasi tupu, na ya kuwa hiyo ndiyo sababu.

Blaise Pascal, kijana Mfaransa mwenye akili nyingi na mwili dhaifu, alitafuta njia ya kuikata kesi hii. Alifikiri hivi: ikiwa ni uzito wa hewa, basi mtu akipanda mlimani ataiacha hewa nyingine chini yake, na hewa iliyobaki juu yake itakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo zebaki itashuka. Naye shemeji yake, Florin Périer, alikuwa mwenyeji wa Clermont, karibu na mlima uitwao Puy de Dôme, wenye kimo cha meta 1,465. Mwezi wa Novemba 1647 Pascal akamwandikia kumwomba alifanye jaribio hilo.

Périer alilifanya tarehe 19 Septemba 1648, siku ya Jumamosi, kisha akaandika barua ya kueleza yote. Na barua hiyo ndiyo tutakayo wasomaji waiangalie. Périer hakusema tu, "Nimepanda, zebaki imeshuka." Alianza na hali ya siku ile: asubuhi hewa haikuwa imetulia, walakini kilele cha mlima kilionekana. Akawataja kwa majina watu aliokwenda nao, mapadre na watu wa baraza la mji na tabibu mmoja, watu ambao mtu yeyote wa Clermont angeweza kwenda kuwauliza. Akaeleza vyombo: mirija miwili iliyolingana, na zebaki aliyoisafisha kwa muda wa siku tatu.

Kisha akaeleza kazi. Katika bustani ya nyumba ya watawa, mahali palipo chini kuliko pote mjini, walisimamisha mirija yote miwili, na zebaki ikasimama kimo kilekile katika yote miwili, yaani inchi 26 na mistari mitatu na nusu kwa vipimo vya Kifaransa vya siku zile, karibu sentimeta 71 za kwetu. Mrija mmoja wakauacha palepale, na mtawa mmoja, Padre Chastin, akaombwa auangalie mchana kutwa. Mrija wa pili wakaupandisha mlimani. Kule juu zebaki ilisimama inchi 23 na mistari miwili, karibu sentimeta 63. Ilikuwa imeshuka kwa sentimeta nane na nusu hivi.

Walishangaa na kufurahi, walakini hawakutosheka. Walirudia jaribio mara tano palepale kileleni, mahali mbalimbali: ndani ya kikanisa kilichokuwako na nje yake, penye kinga na penye upepo, na kila mara kipimo kilikuwa kilekile. Waliposhuka wakapima tena katikati ya njia, na zebaki ikawa imepanda hata inchi 25. Walipofika bustanini wakapima mara ya mwisho, wakakuta inchi 26 na mistari mitatu na nusu, kama asubuhi. Naye Padre Chastin akawaambia ya kuwa mrija wake haukubadilika mchana kutwa, ijapokuwa hali ya hewa ilikuwa ikigeuka-geuka.

Kwa nini Padre Chastin ni mtu muhimu katika habari hii, naye hakupanda hata hatua moja? Kwa sababu bila yeye mpinzani angesema, "Huenda zebaki ilishuka kwa ajili ya mawingu ya siku ile, wala si kwa ajili ya mlima." Mrija uliobaki nyumbani ulilijibu neno hilo kabla halijasemwa. Pascal alipiga chapa habari hii mwaka uleule wa 1648, na kila aliyeisoma aliweza kufanya moja la mambo mawili: kuwauliza mashahidi, au kutafuta mlima wake mwenyewe.

Kutoka Ufaransa na twende Uingereza. Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, alifanya majaribio yake Oxford kwa pampu ya kutoa hewa katika chombo cha kioo, akisaidiwa na fundi wake mwerevu, Robert Hooke. Mwaka wa 1660 alitoa kitabu chenye majaribio 43. Boyle alikuwa mtu wa kueleza mambo kwa urefu, hata wasomaji wengine walichoka. Lakini alifanya hivyo kwa makusudi. Alijua ya kuwa pampu kama yake zilikuwa chache sana na za gharama kubwa, kwa hiyo wengi hawataweza kuliona jaribio kwa macho. Alitaka wasomapo wawe kana kwamba wamesimama chumbani pamoja naye. Alieleza hata pampu ilipovuja. Na mwaka wa 1661 alitoa insha mbili zilizohusu majaribio yasiyofaulu, akionyesha ya kuwa dawa chafu au chombo kibovu chaweza kumdanganya mtu mwenye bidii.

Mwaka wa 1662 alitoa jedwali la vipimo vya hewa iliyobanwa. Katika safu moja aliweka hesabu alizozipima, na karibu yake akaweka hesabu ambazo zingepatikana kama kanuni ilikuwa sawasawa kabisa. Safu hizo mbili hazikupatana kila mahali; palikuwa na tofauti ndogo ndogo. Boyle hakuzifuta. Aliziacha pale wazi ili kila mtu azione, na hata hivyo kanuni hiyo imebeba jina lake mpaka leo. Twatamani kila mwanafunzi anayeogopa kwamba kipimo chake hakikulingana na kitabu alijue neno hili.

Boyle alikuwa mmoja wa watu 12 waliokutana London mwezi wa Novemba 1660 wakaanzisha chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Chama hicho kilichagua neno la Kilatini liwe wito wake, na maana yake ni kutokukubali jambo kwa sababu fulani amelisema tu. Mwezi wa Machi 1665 katibu wao, Henry Oldenburg, alianza kupiga chapa gazeti la barua za wataalamu, liitwalo Philosophical Transactions, nalo latoka hata sasa. Tangu hapo mtu wa mbali aliweza kutuma habari ya jaribio lake, ikasomwa na watu wasiomjua wala kumwona.

Lakini je, barua ya mtu asiyejulikana itasadikiwa? Kisa cha Antoni van Leeuwenhoek chatujibu. Huyu alikuwa mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Lakini alikuwa hodari wa kusugua vioo vidogo vya kukuzia vitu. Mwezi wa Oktoba 1676 aliandika barua ndefu kwa Kiholanzi, akisema kwamba ameona katika maji vijidudu vidogo mno, visivyoweza kuonekana kwa macho matupu, tena kwa wingi wa kutisha. Alikuwa ameona mambo hayo katika maji ya mvua, ya kisima, ya bahari, na katika maji aliyolowekea pilipili manga.

Watu wa London waliona shaka, wala hatuwalaumu. Hooke alipojaribu hakuviona mara moja. Leeuwenhoek hakukasirika akanyamaza. Aliwaita watu wanane wa heshima, miongoni mwao wachungaji wa kanisa, wakatazama kwa vioo vyake, kisha wakaandika ushahidi wao na kutia sahihi, naye akaupeleka London. Hooke naye akajaribu tena kwa vioo bora na maji ya pilipili, na mwezi wa Novemba 1677 akaviona, akawaonyesha wenzake chamani. Mwaka wa 1680 chama kikamkubali yule mwuza nguo awe mmoja wao. Leo twajua ya kuwa miongoni mwa viumbe wadogo wa namna hiyo wamo waletao kipindupindu na homa ya matumbo. Mlango wa elimu hiyo ulifunguliwa na mtu asiye na cheo cha elimu, aliyeandika tarehe, aina ya maji, na alichokiona.

Mpaka hapa tumesema habari za zebaki na vijidudu, na huenda msomaji akaona ni mambo ya wenye nafasi. Basi sasa tutaje habari iliyohusu uhai wa watu.

Katika safari ndefu za baharini mabaharia waliuawa na ugonjwa wa kiseyeye. Ufizi huoza na kutoka damu, meno hulegea, miguu huvimba, na makovu ya zamani hufunguka. Katika safari ya Mwingereza George Anson ya kuzunguka dunia, tangu 1740 hata 1744, zaidi ya nusu ya watu wake walikufa, na wengi wao kwa kiseyeye, wala si kwa vita. Dawa zilizosifiwa zilikuwa nyingi, na kila mwenye dawa alikuwa na hadithi ya mtu aliyepona.

Tarehe 20 Mei 1747, James Lind, tabibu wa merikebu Salisbury, alichagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikaribiana sana. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha namna moja, akawagawa wawiliwawili. Wawili wakapewa mvinyo wa matofaa, wawili matone ya dawa ya tindikali, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili dawa ya kulamba iliyochanganywa kwa viungo, na wawili wakapewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Machungwa na malimau yalikwisha baada ya siku sita. Lakini siku sita zilitosha: mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alipata nafuu hata akawekwa kuwauguza wengine. Hao wengine hawakupata msaada wa kulingana na huo.

Jaribio lilikuwa jema sana. Lakini tutazame lilivyoandikwa. Lind alilitoa mwaka wa 1753 ndani ya kitabu chenye kurasa zaidi ya 400, na habari ya wale wagonjwa 12 ilichukua kurasa chache tu katikati ya mambo mengi ya watu wengine. Hitimisho lake nalo halikusimama peke yake kwa nguvu, maana aliendelea kutaja sababu nyingine nyingi za kiseyeye, kama unyevu wa merikebuni. Tena alishauri maji ya malimau yachemshwe hata yawe mazito, ili yakae muda mrefu safarini. Wala dawa hiyo hakuijaribu kwa namna ile ya wagonjwa wawiliwawili. Leo twajua ya kuwa moto huiharibu vitamini C iliyomo, na dawa hiyo ikapoteza nguvu zake. Jeshi la bahari la Uingereza liliamuru maji ya limau yatolewe kwa mabaharia mwaka wa 1795, yaani miaka 48 baada ya jaribio. Lind mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia.

Hatutaki kumhukumu mtu aliyefanya mema. Wala hatusemi ya kuwa maandiko peke yake ndiyo yaliyochelewesha jambo. Lakini ni dhahiri kwamba kweli iliyofichika katika kitabu kikubwa yaweza kukaa bila kuwafaa watu, na ya kuwa dawa isiyojaribiwa isipewe sifa ya dawa iliyojaribiwa. Kwa sababu hiyo siku hizi maana ya jaribio huandikwa mahali pake, mwishoni, kwa maneno machache. Na mwandishi hukatazwa kuweka hapo neno ambalo vipimo vyake havikulionyesha.

Tuje karibu zaidi na nyumba zetu. Hakuna mzazi katika nchi hizi asiyeijua malaria. Aliyeonyesha njia ya ugonjwa huu ni Ronald Ross, tabibu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Secunderabad, Bara Hindi. Baada ya kupasua mbu wengi pasipo kupata kitu, tarehe 20 Agosti 1897 aliona katika tumbo la mbu aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa chembe ngeni zenye rangi nyeusi kama ile ya viini vya malaria. Siku ya pili yake akapasua mbu mwingine wa namna ileile, akaziona tena, nazo zilikuwa zimekua. Habari yake ilitoka mwezi wa Desemba katika gazeti la matabibu la Uingereza, na jina la habari hiyo lenyewe lilisema waziwazi kwamba mbu walikuwa wawili. Hakuzidisha.

Tena Ross hakulijua jina la kitaalamu la aina ile ya mbu. Hakujifanya kulijua, alieleza tu alivyomwona, ya kuwa mabawa yake yana madoadoa. Wengine wakaweza kufuata. Mwaka wa 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake kule Italia wakahakikisha kwamba mbu wa jamii iitwayo Anofelesi ndiye anayewaambukiza wanadamu malaria. Neti tunazolalia chini yake zategemea kazi hiyo.

Mwisho tutaje habari ya kwetu. Mwaka wa 1963, katika shule ya Magamba, Usambara, kijana mmoja jina lake Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, naye akayatia yangali moto. Akaona ya kuwa ya kwake yaliganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyatia bila kuyachemsha. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Lakini alikuwa amelijaribu tena kwa maji, na aliloliona hakulikana.

Ndipo Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza: vyombo viwili vya maji sawasawa, kimoja kina joto la digrii 35 na kingine 100, kwa nini cha pili huganda kwanza? Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wake kazi hiyo. Yule fundi akaleta habari ya kwamba maji ya moto yaliganda kwanza kweli, lakini kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa. Msomaji, litazame neno hilo. Ni lile lile la mtoto anayelisoma jibu la kitabuni kwanza, nalo lilitoka katika kinywa cha mtu mzima aliyezoea kazi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha jambo lile lile, na mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne wakatoa habari yao pamoja katika gazeti la waalimu wa fizikia la Uingereza, kila mmoja akieleza sehemu yake.

Je, maneno yamekwisha? La. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Wapo walioliona jambo hilo, na wapo waliopima kwa uangalifu mwingi, kama wawili wa Uingereza mwaka wa 2016, wakasema hawakulipata. Hilo si aibu kwa Mpemba. Neno la mtu aliyechekwa darasani lingekufa siku ileile; kwa kuwa liliandikwa, pamoja na joto lake na vyombo vyake, limepewa heshima ya kujaribiwa katika nchi nyingi.

Basi sasa turudi kwenye lile daftari la mtoto. Vyombo huandikwa kwa sababu kama ile iliyomfanya Périer ataje mirija iliyolingana na zebaki iliyosafishwa. Kazi huandikwa kwa sababu Boyle alitaka asiyekuwapo awe kana kwamba alikuwapo. Mambo yaliyoonekana huandikwa kama yalivyo, hata yakipingana na kanuni, kwa sababu mpimaji ni shahidi, na shahidi haulizwi lililompasa kuliona, huulizwa aliloliona. Na maana huwekwa mwisho, mbali na vipimo, ili asiyekubaliana nayo aweze kuikataa maana na kuvitunza vipimo.

Kazi hii si ya shule tu. Mkulima aliyeletewa mbegu mpya ya mahindi na apande nusu ya shamba kwa mbegu hiyo na nusu kwa mbegu ya zamani, katika udongo wa namna moja na siku moja, kisha aandike tarehe, mvua, mbolea, na debe alizovuna kila upande. Mbegu ya zamani hapo ni kama mrija wa Padre Chastin. Mwaka ukipita, jirani akiuliza, hatajibiwa kwa sifa wala kwa lawama, atafunguliwa daftari.

Nasi twawaomba wazazi na waalimu wenzetu neno moja. Mtoto akija na kipimo kisicholingana na kitabu, asichekwe wala asiambiwe akifute. Aulizwe alitumia vyombo gani, na alifanyaje, na ni mara ngapi alirudia. Akiwa amekosea, maswali hayo yatamwonyesha mahali alipokosea. Na ikiwa hakukosea, daftari lake litakuwa limetutunzia kitu ambacho sisi sote hatukukijua.